Pasaka Tuliyokwenda Kuiona Meli ya Chai

Sauti ninayoikumbuka mpaka leo ni ya vidole. Siku yangu ya kwanza shambani, hapa Rungwe, ukungu ulikuwa bado mzito. Sikuona mtu, nikasikia tu kap, kap, kap, kama kundi la mbuzi linalokula majani. Kumbe ni wachumaji wa chai. Mnyapara akanivalisha kapu mgongoni. "Binti, majani mawili na chipukizi. La tatu mwachie ng'ombe." Jani la tatu ni gumu, linaharibu chai.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Ambakisye wa kijiji cha Masoko. Alinionyesha kulaza fito juu ya vichaka, ili meza, ndivyo tunavyouita uso wa chai, ibaki sawasawa. Mimi nilikuwa na darasa la saba na ndoto tele. Nikimuuliza chai yetu inakwenda wapi, anacheka. "Wanasema inapanda meli. Nitaamini nikiiona, mwanangu."

Serikali ilipouza mashamba, tukapata Meneja mpya. Akatangaza kwamba kikundi kitakachochuma vizuri kuliko vyote kitapelekwa Dar es Salaam kutembea Pasaka na kuona bandari. Tukashinda sisi! Mama Ambakisye magoti yalikuwa yamekwisha, anakaribia kuacha kazi. Kwake meli ilikuwa sasa au basi.

Jumamosi tulitembezwa mjini, tukashangaa maghorofa mpaka shingo zikauma. Kwenye bustani moja vidole vyetu vikaanza vyenyewe kuchuma majani ya ua wa watu. Mlinzi akaja mbio. "Nyie ni akina mama, au mbuzi?" Tulicheka hadi kanga zikafunguka. Ila jioni magoti ya Mama Ambakisye yalivimba, Jumapili nzima akalala gesti.

Mnyapara akatuambia, "Bandarini hatuingii, ni sikukuu. Kesho tunapanda pantoni ya Kigamboni, meli zinaonekana palepale majini. Wewe mama, pumzika."

Mama Ambakisye akageukia ukutani. "Nendeni. Mtanisimulia."

Nikasema moyoni, hapana. Jumatatu asubuhi nikatoka barabarani, nikamsihi kijana wa mkokoteni ambebe mama yetu aliyetoka Mbeya mpaka kwenye pantoni. Alipomwona mgonjwa wetu, mnene kweli, akapiga mluzi. "Kila siku nabeba viazi vya Mbeya, leo nabeba Mbeya yenyewe!"

"Sukuma, mjukuu," Mama akamjibu, "viazi havisemi, mimi nasema."

Katikati ya maji, baharia mmoja wa pantoni akatuonyesha meli ya bluu. "Ile? Wiki nzima imepakia kahawa na chai."

Mama Ambakisye akashika chuma, akasimama mwenyewe. Akaitazama kutoka mbele hadi nyuma.

"Kubwa hivi," akasema, "kwa majani mawili?" Kisha machozi. "Ndaga fijo, Neema." Ndiyo asante sana ya kwetu.

Baadaye nilikuwa mnyapara, mwanamke wa kwanza pale, mpaka nikastaafu. Vijana mnaochuma kwa mkasi siwacheki, kila kazi na zama zake. Ninachotaka mjue ni kwamba mikono yetu ilijaza meli, na mwenye mikono akaiona.

Baada ya Pasaka ile Mama Ambakisye hakurudi kazini. Asubuhi ya kwanza nilikuta mstari wake hauna mtu, chipukizi zimejaa. Wenzangu walikuwa hawajafika. Nikauchuma mpaka mwisho, ndipo nikaingia wangu.