Bendi ya Mguu Mmoja

Usithubutu kumwambia dada yangu kwamba mtu mmoja hawezi kuwa bendi. Wenzake walimwambia hivyo siku walipomtoa kundini, eti mwanamke mpiga gitaa anawaharibia sura. Loh! Sura zenyewe zile?

Mchana dada ni fundi cherehani. Mguu wake umekanyaga cherehani miaka na miaka, haukosei mapigo. Kwa hiyo alipopata kile kidude cha kukanyaga, kinachonasa kipande cha muziki na kukirudia bila kuchoka, alikielewa upesi. Shida ilikuwa moja: akirundika sauti tatu nne, zote zinabanana katikati, husikii hii wala ile. Ndipo akaanza kuzigawa kwenye spika mbili. Gitaa la mdundo kushoto, nyuzi nyembamba kulia, besi na uimbaji wake katikati. Ila hazisukumi pembeni kabisa, ili aliyekaa upande mmoja naye asikose kitu.

Kuna mwenye ukumbi mmoja wa harusi alikuwa anatafuta mtu wa kupiga kila Jumamosi. Dada aliitaka kazi ile kufa na kupona. Siku ya majaribio kila mwombaji alipewa wimbo mmoja. Wale wenzake wa zamani walikuwa wameshapiga, wamekaa mbele wanatafuna jojo.

Dada akaanza. Balaa! Fundi mitambo wa ukumbi alikuwa ameziunganisha nyaya mbili za dada zikawa moja, na kila kitu kikarundikana. Jamaa wakaangua kicheko. Mwenye ukumbi akainuka.

"Kaa, mzee," dada akasema. "Sijapiga bado."

Akashuka jukwaani, akachomoa nyaya, akachomeka kila mmoja kwenye spika yake.

"Dada, sauti si ni ile ile?" fundi akalalamika.

"Ingekuwa ile ile nisingeleta nyaya mbili."

Akaanza upya. Kanyaga: mdundo kushoto. Kanyaga: nyuzi nyembamba zikajibu kulia. Kanyaga: besi. Halafu akaimba, na kila neno likasikika. Wale jamaa wakaacha kutafuna! Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka.

"Jumamosi ni zako," mwenye ukumbi akasema. "Ila hawa vijana wasimame nyuma yako, jukwaa lisionekane tupu."

"Basi wape wao."

Akaanza kukunja nyaya. Kazi yenyewe ndiyo hiyo inakwenda! Tulikuwa tumeshafika mlangoni mzee alipotufuata anahema.

"Haya, haya! Njoo peke yako."

"Na spika mbili," dada akasema, wala hakugeuka.