Siku Mkwe Wangu Alipovuka Kizingiti

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa siku ya jua kali la mwezi wa kumi, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya chumba changu mwenyewe pale Buzuruga, sijui niende mbele au nirudi nyuma.

Vuli ilikuwa imechelewa. Kila alasiri mawingu yalijikusanya juu ya ziwa, tunayatazama kwa tamaa, halafu yanatawanyika bila kutuaga. Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya bati tupu, haina dari, na nyuma yake kulikuwa na mawe makubwa yaliyokunywa joto mchana kutwa na kututapikia usiku. Mafuta ya kupikia yalibaki maji asubuhi na jioni. Hata kuku walitembea mdomo wazi.

Miaka ile, ngoja nikueleze, dunia ilikuwa imegeuka. Kiwanda cha pamba nilichokuwa nafanyia kazi kilipata mwenyewe mpya, na mwenyewe huyo hakututaka. Kila baraza likawa duka, kila mtu akawa anauza kitu. Mke wangu Minza, ambaye tulimwita Mama Limi kwa jina la binti yetu, hakulalamika. Alisema tu, "Baba Limi, mimi nitakwenda Magu kufuata mchele. Wewe baki na mtoto."

Usinicheke. Wewe leo unambeba mtoto wako mpaka dukani na hakuna anayegeuza shingo. Enzi zetu mwanamume kushinda nyumbani na mtoto wa mwaka na nusu lilikuwa jambo la kuchungulia dirishani. Lakini mkono mtupu haulambwi, na Minza ndiye aliyekuwa na akili ya biashara. Nikabaki.

Siku hiyo yeye alikuwa Magu, angelala huko. Limi aliamka analia. Uji aliusukuma, ndizi akaitupa. Nilipomshika, mwili ulikuwa wa moto. Sasa, je, ulikuwa moto wa homa au moto wa chumba? Hata mimi mwenyewe nilikuwa wa moto. Nilijishika shingo, nikamshika yeye, nikajishika tena.

Nikamwita jirani yangu Mama Zulfa, mama wa mjini mwenye moyo mzuri, ambaye kwake sikuwahi kukosa chumvi wala ushauri. Akamgusa kidogo tu kwenye paji. "Homa hiyo," akasema. "Mfunike vizuri, jasho likitoka na homa inatoka nalo. Na maji usimpe, yatampeleka kifuani." Kisha akachukua kapu lake akaenda sokoni.

Fundi Yohana, aliyekuwa akitengeneza redio chumba cha pili, akasema bila kuinua kichwa, "Meno hayo, jirani. Magego yana kelele. Mwache atanyamaza."

Nikambeba Limi mpaka duka la dawa. Maduka hayo yalikuwa yameanza kuota kila kona kama uyoga. Kijana aliyekuwa akiuza aliniangalia mimi, hakumwangalia mtoto, akanipa chupa mbili za dawa ya maji. Nikarudi nazo, moja mkono huu, nyingine mkono huu, nisijue ianze ipi. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Mimi nilikuwa na manahodha watatu, na chombo chenyewe hakijui kusema.

Basi nikafanya lile lililoonekana kama kazi. Nikamvika koti la mtumba lenye pamba ndani, alilonunuliwa na mama yake kwa ajili ya masika, nikamfunika blanketi juu. Maji sikumpa. Chupa nikazipanga dirishani nizitazame mpaka nipate uamuzi. Mpaka jua linafika utosini, Limi alikuwa ameacha kulia. Fundi Yohana akapiga kelele kutoka kwake, "Umeona? Si nilikwambia?"

Nilitaka kufurahi, mwanangu. Lakini kimya kile kilinikalia vibaya. Midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka kama ardhi ya mbuga wakati wa kiangazi. Nilipomwita aliguna kidogo, uso ukajikunja kama wa kulia, na chozi halikutoka. Nikajiuliza: amepona, au anakwenda? Nakwambia kweli, sikujua. Mtu mzima, baba wa mtu, sikujua.

Hapo ndipo niliposikia hodi.

Nikachungulia. Alikuwa mama mkwe, mamaye Minza, amevuka na kivuko cha Busisi kutoka Sengerema na kapu la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kichwani, amekuja kumwona mjukuu.

Lazima uelewe kwetu Usukumani mkwe ni nani. Mama mkwe humkazii macho. Humpi mkono. Mkikutana njiani unampisha kichakani. Na yeye chumba unacholala wewe na binti yake haingii, hata nyumba ikiungua. Sasa sisi nyumba yetu yote ilikuwa chumba kimoja.

Nikatoka, nikachuchumaa mbali kidogo, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Amelala ndani, mama."

"Na mama yake?"

"Amekwenda Magu."

Yeye kasimama juani uani, mimi nimechuchumaa kivulini, na hakuna aliyeweza kusogea. Nikawaza nimletee mtoto nje, nikaogopa upepo utamkuta na jasho. Nikawaza Mama Zulfa ampokee amkabidhi, naye yuko sokoni. Nikawaza niseme kuwa mtoto ni mgonjwa, nikaona aibu: mkwe atasema binti yake ameolewa na mtu gani? Njia mbili zilimshinda fisi. Zangu sikumbuki zilikuwa ngapi.

"Amekunywa maji?" akauliza.

"Hapana, mama. Wameniambia nisimpe."

"Amekojoa?"

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Mkwe ananiuliza habari ya mkojo! Nikasema kwa sauti ndogo kwamba tangu asubuhi sikuona nguo imelowa.

"Mlete hapa."

Nilitaka kuinuka. Sijui kilichonishika mpaka leo. Nikiwa bado natazama chini nikaona malapa yake yamebaki mlangoni, matupu, na miguu imeshavuka kizingiti.

Nikaingia nyuma yake, na unajua nilifanya nini? Niligeukia ukuta. Ndivyo nilivyofundishwa. Nikasimama nimetazama ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

"Unatazama nini huko?" akanikemea. "Geuka! Mtoto anaungua ndani ya koti, wewe unaniheshimu mimi? Heshima gani hiyo ya kumzika mjukuu wangu? Leta maji na kijiko!"

Nikageuka. Ndiyo siku ya kwanza nilipoiona sura yake kwa karibu, na ilikuwa sura ya Minza iliyotangulia mbele kwa miaka mingi. Tayari alikuwa amelitupa lile koti pembeni, amelowesha kanga anampangusa mtoto shingo na makwapa. Nikaleta maji. Kijiko cha kwanza kikaishia shingoni mwa mtoto. Akanishika kiwiko. Mkwe, kunishika mimi!

"Kidogo. Subiri ameze. Kidogo tena. Usimharakishe, hakukimbii."

Cha kwanza kuingia mdomoni Limi alikitapika. Vilivyofuata vilikaa. Tukaendelea hivyo, mimi na mkwe wangu, vichwa vimekaribiana juu ya mtoto, mpaka Limi akafumbua macho, akatuona wote wawili, akaanza kulia. Na safari hii machozi yalitoka.

"Lia, mama yangu," mkwe akamwambia mjukuu. "Lia sana."

Akamfunga mgongoni tukaenda zahanati, yeye mbele na mimi nyuma nimebeba kikombe na kijiko, kila tukipata kivuli tunasimama tunampa. Muuguzi akasema joto limemzidi na maji yamemkauka mwilini, akamlaza, akampa maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo. Zile chupa zangu mbili nilikuwa nimezitoa dirishani nikazitia mfukoni. Muuguzi alizisoma, akaziweka mezani kwake, hakunirudishia. Jioni Limi aliomba ndizi, tukarudi naye nyumbani.

Mama mkwe alilala kwa Mama Zulfa. Asubuhi alinisalimu akiwa amegeuza uso, mbali, kama vile jana haikuwepo. Hakuniaga kwa mkono. Nikabaki nimechanganyikiwa kuliko mwanzo. Je, amenikasirikia? Nimevunja mwiko, au amevunja yeye? Minza alipofika na magunia yake nilimsimulia, akalia, akacheka, akalia tena. Nikaenda kumuuliza baba yangu. Mzee alikuna kidevu, akasema, "Sijawahi kuliona hilo. Peleka mbuzi."

Nikapeleka mbuzi Sengerema kwa mkono wa shemeji yangu. Mbuzi akarudi. Shemeji akaja na maneno haya kutoka kwa mama yake: "Mwambie Baba Limi, mbuzi wa nini? Mimi sikuingia chumbani kwa mkwe. Niliingia alipolala mjukuu wangu."

Sasa mwanangu, uliyekuja kwangu juzi unasema mtoto analia na kila mtu anakwambia lake, nakuusia. Kuchanganyikiwa si aibu. Mzazi asiyewahi kuchanganyikiwa hajalea. Lakini ukichanganyikiwa, ondoa macho kwa watu, yarudishe kwa mtoto: amekunywa, amekojoa, machozi yanatoka? Ukiona hapana, usikae kupima maneno, mpe maji na umpeleke zahanati. Washauri watakuwa wengi, na wengi wana nia njema. Mtafute yule anayeuliza kabla hajajibu. Siku ile wote walinijibu, aliyeniuliza alikuwa mmoja. Na mila zetu zishike, ni nzuri, mimi mpaka alipofariki mkwe wangu nilimpisha njiani. Ila heshima si utumwa. Iliwekwa ili watu waishi vizuri, na pale inapotaka roho ya mtu, huyo aliyeiweka angekuwa wa kwanza kuivuka.

Nenda kwa mwanao. Mungu akupe mkono mtulivu na wakwe wenye ukali wa kukufaa. Akuzeeshe, na watoto wako waje wakuzike wewe, wala wewe usimzike hata mmoja wao. Amina.