Nani Alikuwa Anachomoa Nyaya za Treni ya Kaka?

Asubuhi ile nilikuta waya umetoka tena.

Haukukatika. Haukuliwa na panya. Skrubu ilikuwa imelegezwa taratibu kwa bisibisi, halafu ncha ya waya ikakunjwa pembeni kwa adabu, kama mtu anayevua viatu mlangoni.

Ngoja nieleze vizuri, usije ukadhani mzee nimeanza kuota mchana.

Kaka yangu aliendesha treni maisha yake yote. Alipostaafu akajenga reli ndogo nyumbani kwake, katika chumba walichokuwa wakilala wanawe. Meza imezunguka kuta tatu. Juu yake kuna stesheni, daraja, kilima cha karatasi na gundi, na vichwa vya treni unavyoweza kuvibeba kiganjani.

Usicheke. Treni zile zinakwenda kwa umeme na kwa ratiba.

Wenzake wa zamani wa reli, kina Filimbi na Dada Tiketi, kama tulivyozoea kuwaita, walikuwa wakija kuziendesha. Huyu anashika stesheni hii, yule anashika ile, na Kaka ndiye msimamizi. Yeye peke yake husema treni ipi iingie njia ipi, na ipi isubiri. Bila neno lake, hakuna gurudumu linalozunguka.

Mimi ndiye fundi. Nilisomea umeme shule ya usiku, huku mchana nabeba magunia, na sioni haya kulisema. Hitilafu na mimi tukikutana, anayekimbia si mimi.

Sasa wenzake walikuwa wanakuja Jumamosi, baada ya kimya kirefu. Shemeji, mke wa Kaka, ndiye aliyewaita. Kaka alikuwa haumwi, lakini hakuwa mzima. Alikuwa mtu wa kukaa tu, anaangalia mikono yake.

"Wakija labda atachangamka," Shemeji aliniambia. "Niandalie hiyo reli."

Nikaiandaa kweli. Nilisugua reli zote kwa kitambaa chenye spiriti, maana vumbi kidogo tu likiganda pale, umeme haupiti na treni inagoma kama punda. Nikasafisha swichi za kubadilisha njia. Nikapitisha kichwa kimoja polepole, mzunguko mzima, nimeinamisha sikio mezani.

Safi kabisa.

Kesho yake treni ikafa mbele ya stesheni ya pili. Nikaingia chini ya meza na tochi, nikakuta waya umetoka. Nikaurudisha nikaukaza. Siku iliyofuata ukatoka mwingine, upande wa darajani.

"Shemeji, nani anaingia humu?"

"Nani aingie? Humu ndani tuko wawili, na mimi mgongo hauniruhusu kuinama hata kufunga kiatu."

"Basi mna jini fundi."

"Ukimwona mwambie anitengenezee na pasi."

Nilicheka, lakini moyoni iliniuma. Nilianza kujishuku mwenyewe. Labda nilikuwa sikazi skrubu. Mzee anayejisifu akianza kusahau, yeye ndiye wa mwisho kupata habari.

Ijumaa nikaja mapema kuliko kawaida. Mlango wa kile chumba ulikuwa umerudishwa tu. Nikausukuma.

Miguu miwili yenye soksi za kijivu ilikuwa imetokeza chini ya meza.

Nikapiga magoti nikachungulia. Kaka. Bisibisi yangu iko mkononi mwake.

"Leo umewahi," akasema.

"Kaka, unafanya nini huko?"

"Kazi."

"Kazi ya kuharibu kazi yangu?"

Nilimshika mkono nikamsaidia kutoka, akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Alikuwa na vumbi kwenye nyusi.

"Mmewaita watu," akasema.

"Si watu, Kaka. Ni wenzako."

"Ndiyo maana. Wangekuwa wageni ningewadanganya. Filimbi ataniuliza treni ya mizigo iingie njia ipi, na mimi nitabaki kumtazama mdomo."

"Utamwambia. Njia zote hizi umezichora wewe."

"Juzi nilisimama pale katikati. Nikaziangalia hizi reli. Nikajua kuwa ni reli." Akafuta vumbi usoni. "Nikaishia hapo."

Nikampangusa vumbi lililobaki kwenye nyusi.

"Treni ikiharibika," akasema, "ni treni tu imeharibika. Watu wanakunywa chai, wanakwenda zao. Usimwambie shemeji yako."

Jumamosi wakaja. Filimbi, aliyekuwa gadi wa treni, mpuliza filimbi ya kuondoka, na Dada Tiketi, aliyekaa dirishani akikata tiketi mpaka nywele zikawa nyeupe. Filimbi alivaa kofia yake ya kazi. Kila mmoja akasimama kwenye stesheni yake. Kaka akakaa kwenye kiti cha msimamizi, mikono imebana magoti.

Nikawasha swichi.

Kimya.

Sikutarajia lingine. Asubuhi hiyo waya mkubwa wa umeme niliutoa mimi, kwa mkono wangu.

"Hitilafu hii nimeitafuta wiki nzima," nikasema. "Nimeshindwa."

"Wewe?" Filimbi akaniangalia chini ya kofia. "Si wewe uliyeniambia kwenye simu kwamba hata mwezi ukizimika utauwasha?"

"Ndiye mimi."

"Shule za usiku hizo," Dada Tiketi akasema. "Siku ya somo la treni bwana alisinzia."

Wakacheka. Masikio yakaniwaka moto. Sijawahi kuvumilia neno kama lile kwa mtu yeyote.

Halafu nikamsikia Kaka anacheka.

"Mwacheni mdogo wangu," akasema. "Ni fundi mzuri. Ila reli haitaki mtu wa majivuno, tangu zamani namwambia."

Mikono ikaachia magoti. Akaanza kusimulia alivyokwama mlimani na mabehewa ya saruji, mvua inanyesha, na Filimbi amepanda juu ya mti kwa kumwogopa nyoka. Alikumbuka yote. Alitaja stesheni za njia ile moja baada ya nyingine, hakuruka hata moja. Shemeji alisimama mlangoni na trei ya chai, akasahau kuiweka chini.

Wageni walipoondoka, Kaka akaniita kule chumbani. Nilijua anataka kunishukuru. Jibu la unyenyekevu nilikuwa nimeshaliandaa.

Nikamkuta amepiga magoti kando ya meza, ameshika tochi.

"Njoo unimulikie," akasema. "Usiyaweke moyoni waliyosema. Si kosa lako. Kuna mtu anatuchomolea nyaya humu ndani, lazima tumpate."

Nikamtazama usoni. Hakuwa anatania.

Nikachukua tochi, nikapiga magoti karibu naye.

"Tutampata, Kaka."

"Tukimpata usimgombeze," akasema. "Muulize kwanza ana shida gani."

Wewe unayesoma hapa, pengine una mzee nyumbani anayeficha funguo, au anayeharibu redio nzima bila sababu. Fanya alivyosema Kaka, muulize. Ila muulize mapema, angali analijua jibu.