Mke Mwenza Ukutani

Mzee Sadalla, mwenye studio ya picha pale Mchafukoge, ana ugomvi na kitu kimoja tu duniani: simu. Msifie simu yako kwa kupiga picha kali, atakusonya mpaka ujute. Ndiyo maana Badria, alipoingia na picha aliyoipiga kwa simu, alitanguliza shikamoo ndefu.

"Marahaba. Haya, toa."

Ilikuwa picha ya mama yake, Bi Zeina. Kesho kutwa mama anahamia Maskati kwa mwanawe, moja kwa moja. Ana haja moja tu: aache picha yake katika nyumba ya Magomeni, ubavuni mwa picha ya marehemu mumewe, ambayo Sadalla aliipiga miaka thelathini iliyopita. Badria alitaka ikuzwe, ilingane na ya baba.

Sadalla alijua itakavyokuwa. Akaikuza hivyo hivyo, makusudi, watu wajifunze. Lo! Simu ilikuwa imemlainisha Bi Zeina mpaka akawa mwari. Makunyanzi hamna, kidoti cha shavuni hakipo, na pua, kwa kupigwa karibu, imeumuka kama andazi. Tena ukungu kila mahali.

Alasiri Bi Zeina akaja mwenyewe, fremu kwapani, Badria nyuma yake.

"Sadalla! Umempelekea mume wangu mke mwingine? Uke wenza niliukataa ujanani, niukubali leo, na yeye yuko kaburini?"

Badria alicheka hadi akakaa chini. Sadalla naye alitaka kucheka, ila akaona macho ya Bi Zeina yamejaa maji.

"Kile kidoti alikuwa anakipenda," alisema mama wa watu.

Sadalla aliona haya kwelikweli.

"Kaa hapo, dada yangu."

Akatoa kamera yake kubwa, akafuta lenzi, akarudi nyuma hatua nne, maana uso wa mtu haupigwi kwa kuusogelea utadhani unataka kuubusu. Hakumwambia atabasamu. Alingoja tu, mpaka Bi Zeina akasahau kwamba kuna kamera. Hapo akabonyeza.

Kesho yake aliipeleka Magomeni na kuitundika kwa mkono wake. Kila mkunjo upo, na kidoti kipo. Bi Zeina aliitazama sana, kisha akaigeukia picha ya mumewe. Tangu aolewe hakuwahi kumtaja kwa jina lake.

"Haya, Baba Badria," akamwambia. "Mimi naenda. Usije ukasema nimekuacha peke yako."

Mzee Sadalla akawapa mgongo, akawa anaitafuta kamera yake chumba kizima, nayo iko shingoni.