Nyumba ya Babu Ilipoingiwa na Maji

Mashine ya kusaga ya pale barabarani ikianza kunguruma, huacha ninachofanya. Wenzangu husema tu, "Umeme umerudi," wakachomeka simu zao. Mimi huuliza kwanza kila mtu yuko wapi.

Nilikuwa na miaka minane. Tuliishi Ikuti, mimi na mama, baba akiwa kazini Mbeya. Babu mzaa baba alikuwa na nyumba yake ndogo, chini kidogo ya yetu, karibu na kijito. Kwa wazee wa Kinyakyusa kama yeye, mkwe wa kike hakutani na baba mkwe uso kwa uso, wala hawaongei. Basi mjumbe nilikuwa mimi. Mama akiwa nyuma ya jiko husema, "Mwambie babu chakula tayari." Babu yuko hatua sita tu kutoka hapo, amesikia kila kitu, lakini hanyanyuki mpaka nimfikishie. Nami nilikuwa mtoto wa aibu, neno moja nalitafuna mpaka linapoa. Babu aliniita Redio Mbovu.

Masika ile kijito kilifurika alfajiri, kikapita ndani ya nyumba yake. Kulipokucha mvua ilikuwa imekatika, na umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Kulinuka tope na migomba iliyovunjika. Ndani maji yalikuwa yamesimama, yamefunika soketi na waya wa redio. Swichi kuu ilikuwa humo humo, haijazimwa. Babu alisimama kizingitini, peku, suruali ameikunja, anataka kuifuata Biblia yake.

Mama alinishika bega nyuma ya jiko. Fundi aliyetufungia umeme alishamwambia: maji yakifika kwenye soketi mtu asiingie, hata kama taa haziwaki, mpaka umeme ukatwe kule nje kwenye nguzo.

"Atu, kimbia. Mwambie babu asiingie. Umeme ukirudi utamkuta majini."

Nilikimbia. "Mama anasema... usiingie."

"Kwani hii nyumba ya nani?"

Nikarudi kuchukua jibu. Mama nilimkuta kwenye migomba kati ya nyumba zetu. "Mwambie waya uko ndani ya maji!"

Nikampelekea. Babu akacheka. "Waya bila umeme ni kamba tu. Kamwambie hivyo, Redio Mbovu wewe."

Nikageuka. Mama alikuwa kwenye kona ya nyumba ya babu, amejibana ukutani. "Ukirudi, Atu! Mwambie umeme ukirudi!"

Babu alimsikia. Najua alimsikia. Lakini aliniangalia mimi, akingoja niseme. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akanyanyua mguu aingie.

Ndipo mashine ya kusaga ikanguruma.

Mama alinipita mbio, akamkamata babu mkono, akamvuta kwa nguvu mpaka uani. "Baba, toka!" Ndani balbu iliwaka, na pale ilipokuwa soketi maji yakaanza kutokota.

Mama alijifunika uso kwa kitenge, akaondoka kwenda kuwapigia simu watu wa umeme. Babu aliketi juu ya kinu kilichopinduka.

"Mwambie mama yako," alianza. Kisha akasema mwenyewe, kwa sauti, akiitazama migomba alikopitia mama: "Ndaga, mwanangu." Yaani asante.

Kwa miaka mingi niliamini mama alivunja mwiko kwa sababu ya ulimi wangu mzito. Niliona haya hata kumuuliza. Ni sasa tu, ninapoyaandika haya polepole, ndipo nimezifuata tena zile safari zangu. Mara ya kwanza nilimwacha nyuma ya jiko. Mara ya pili alikuwa kwenye migomba. Mara ya tatu, kwenye kona ya nyumba ya babu. Kila nilipotumwa, yeye alikuwa anakuja nyuma yangu.