Mimi Mkunga Ninayeimba Matangani

Admin, ficha jina langu na la kituo changu, ingawa watu wa hapa kwetu Paya watanitambua kabla hawajamaliza aya hii. Wanitambue tu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, mkunga, nimezaliwa Buhehe kwa Wasamia na kuolewa huku Tororo, karibu na mpaka wa Kenya, kwa Wapadhola. Hata mama mkwe wangu haniiti kwa jina, ananiita Sista kama wagonjwa wanavyoniita.

Kituoni tuko wakunga wawili tu. Kuna siku nazalisha akina mama sita, muhogo wa asubuhi naula saa kumi jioni, na nikifika nyumbani simu inaita nirudi. Mwaka juzi mikono ilianza kutetemeka. Presha ikapanda mpaka daktari wa Tororo mjini akanipa vidonge vya kila siku na kuniambia nipumzike. Nilicheka. Nikipumzika, vitovu atakata nani? Kibaya zaidi, nilikuwa silii. Mtoto akitufia mkononi nilimfunika, nikanawa, nikaita mama anayefuata. Machozi yalikauka kabisa, na usingizi nao ukaondoka.

Kisha mjomba wangu akafa Buhehe. Kwetu wanawake huwaimbia marehemu: mmoja anaongoza, anataja jina lake, alichopenda na aliowaacha, wengine wanaitikia. Shangazi akanisukuma mbele kwa sababu bibi yangu ndiye aliyekuwa kiongozi wao enzi zake. Nilidhani nimeshasahau. Nilipofungua mdomo nyimbo zikatoka, na machozi nayo, ya mjomba na ya watoto wote niliowafunika. Nilirudi nyumbani nikalala mpaka jua likanikuta kitandani.

Tangu hapo, kila Jumamosi nisipokuwa zamu naenda kuimba. Nilianza kwa ndugu, sasa wananiita hata nisiowajua, mpaka Nabuyoga. Sisemi nyimbo ni dawa. Vidonge vyangu nameza kila asubuhi, na wewe mwenye presha meza vyako. Lakini najipima mwenyewe, naandika kwenye daftari, na presha imetulia. Mikono imetulia. Wenzangu kazini wanasema siku hizi siwafokei akina mama, na kweli zamani nilikuwa nawafokea.

Shida ilikuja mwezi uliopita. Mama mmoja alitufia kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua. Tulifanya yote tunayoyajua, haikuwezekana. Nilikwenda kwenye mazishi yake nikaimba, na mama yake mzazi akanishika mkono mpaka wimbo ukaisha. Wengine nyuma yetu wakanong'ona kwamba nimekuja kumlilia niliyemuua. Jina likaanza hapo: mkunga wa matanga. Sasa wajawazito wanauliza mlangoni leo ni zamu ya nani, na wakisikia ni mimi wanapanda bodaboda na tumbo la miezi tisa kuvuka mpaka kwenda kuzalia Kenya. Sitaficha, hilo linaniuma sana.

Mkuu wa kituo akaniita ofisini. "Sista, mimi najua kazi yako ni mzuri," akasema kwa Kiswahili chake cha huku. "Lakini watu naogopa hiyo mikono. Chagua, matanga ama wadi." Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi, la sivyo nitahamishiwa dirisha la mapokezi kuandika kadi za wagonjwa. Mimi, miaka kumi na sita wodini, nikaandike kadi.

Mume wangu amenyamaza, na kwetu akinyamaza ujue yuko upande wa mama yake. Mama huyo naye akaniita jikoni kwake. Nilipiga magoti kama inavyompasa mkaza mwana. Akaniuliza: "Sista, wewe asubuhi napokea mtoto, jioni nalilia maiti? Kifo nafuata sauti. Wacha." Nikamwambia kwa heshima zote kwamba tunaowapokea na tunaowazika ni watu walewale, na sioni aibu kuwa mlango wa kuingilia na wa kutokea. Akaendelea kuchambua maharagwe yake. Halafu, bila kuinua macho, akasema: "Lakini mimi nikikufa, wewe ndio utaimba. Usiwachie wengine."

Jamani! Yaani niache kuwaimbia wengine wote, nimbakizie yeye?

Jumamosi hii kuna mazishi Nabuyoga na wameniita. Blauzi nimeshaipiga pasi. Kwa hiyo msiniandikie "acha", hilo nimeambiwa na waliowatangulia. Wodi siiachi na kuimba siachi. Nisaidieni kwa lingine: niwaambie nini hawa akina mama wanaovuka mpaka, ili waiamini tena mikono yangu? Na mama mkwe nimjibu vipi? Maana nikinyamaza leo, siku yake sauti nitaitoa wapi?