Kiwanja cha Ndege

Mama yangu amelima mchicha bondeni Jangwani tangu sijazaliwa, na hajawahi kuuacha utoe maua. Kwake, mchicha ukichanua maana yake mkulima anaumwa, amefiwa, au ni mvivu ambaye hajapata mtu wa kumwambia. Akina mama wanaonunua kwake kuupeleka Kariakoo wanaujua mkono wake: jani laini, shina linalokatika kwa kucha, mizizi iliyooshwa. Kwa hiyo kijana wa mradi wa kuhifadhi ndege alipokuja kututangazia kwamba sasa watu watalipwa kwa kuacha majani yachanue, mama alimtazama kwa huruma, kisha akamuuliza kama amekula.

Semina ilifanyika darasani, kwenye shule ya jirani. Nilifunga kibanda changu cha kava za simu nikamsindikiza mama, nikitegemea soda na sambusa. Tulipewa maji. Kijana yule alikuwa amevaa buti za kupandia mlima, hapo hapo Ilala, akatueleza kwamba ndege na nyuki wanapungua duniani na kwamba wakulima tuna mchango wetu katika jambo hilo. Wakulima wenyewe ndio sisi, wenye matuta ya mchicha kati ya daraja na jalala. Tukainamisha vichwa kwa aibu, kama watu waliokamatwa na kitu cha wizi.

Dawa ya tatizo ilikuwa imeshapatikana huko ughaibuni, kwenye mashamba ambayo mtu akisimama mwanzo haoni mwisho. Mkulima anaacha ukanda pembeni mwa shamba, anapanda maua ya asili, hapigi dawa, havuni, hakanyagi. Akitimiza masharti ya upandaji, analipwa. Mzee mmoja jirani yetu, anayelima matembele, aliuliza kama ndege wenyewe wamekubaliana na mpango huo. Kijana akasema ni swali zuri, akaendelea na picha inayofuata.

Mama alikuwa anasinzia. Kilichomwamsha ni maneno ya mwenyekiti wa mtaa wakati wa kufunga kikao. "Aliyemo kwenye mradi," mwenyekiti alisema, "na akafuata masharti, hataguswa pale bondeni." Hakuna mwenye hati kule bondeni. Maji yasipotuondoa wakati wa masika, kiangazi huja watu na rangi nyekundu kuchora alama ya X kwenye chochote kilichosimama, kibomolewe. Mama haogopi maji, kwa sababu maji hurudi yalikotoka. Anaogopa ile rangi. Hilo tuta ndilo limenisomesha, ndilo limemzika baba kwa heshima, na hana kitu kingine anachokiita chake.

"Niandikishe," akaniambia tulipotoka.

"Mama, hawa watu hawajui hata mchicha unaoteshwaje."

"Sijakuuliza wanajua nini. Nimesema niandikishe."

Basi zikaja mbegu. Pakiti ilikuwa na picha ya kipepeo mbele, na maelezo nyuma kwa maandishi ambayo hata sisimizi angehitaji miwani. Mama aliimimina kiganjani, akazipekua mbegu kwa kidole. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Zilikuwa mbegu za mgagani, mchunga, mlenda pori na jamaa zao wengine, yaani magugu yale yale aliyoyang'oa kwa mikono yake maisha yake yote na kuyatupa mtoni. Sasa yamerudi kwa ndege ya mizigo, yamefungwa vizuri, na yana kipepeo.

Akayapanda. Akaacha ukanda wa upana wa kitanda kuzunguka shamba, akaumwagilia, akaulinda. Wanunuzi wake walipita wakimtazama, wakamwuliza kwa upole kama anajisikia vizuri. Yakachanua kweli, na sitasema uongo, yalipendeza. Wakaja nyuki wachache. Wakaja na kunguru, maana hapa mjini ukimwita ndege yeyote kunguru ndiye anayeitika. Mradi ulitaka chiriku. Kunguru alikuwa ameorodheshwa kama mharibifu, kwa hiyo mama akawa anafukuza ndege kwenye shamba la ndege.

Likabaki sharti la bango. Kila shamba liwe na bango linaloeleza kwamba eneo limehifadhiwa kwa ajili ya ndege na wadudu wachavushaji. Mama alikwenda Mchikichini kwa fundi wa mabango, mtu anayetoza kwa herufi. Fundi akayasoma maneno yote yale, akamhurumia mama mjane, akamshauri ayafupishe. Kwani pale ni nini? Ni kiwanja. Cha nani? Cha ndege. Akaandika kwa herufi kubwa za bluu, akaweka na kivuli chekundu bila kuongeza bei: KIWANJA CHA NDEGE.

Tulilisimamisha asubuhi. Kufika adhuhuri bonde zima lilikuwa linajua kwamba uwanja wa ndege unahamia Jangwani. Mzee wa matembele alikuja na kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Hebu nieleze, mwanangu, maana wewe una simu. Zitatua zile kubwa au hizi za kwenda Unguja?"

Nikamweleza kwamba ni ndege wa manyoya. Akanitazama kama mtu anayefichwa habari za urithi. Niliona lawama zinakuja kwetu, kwa hiyo nikamrudia fundi nikamwomba aongeze neno moja. Akaongeza: KIWANJA CHA NDEGE WADOGO. Nikadhani nimemaliza kazi. Jioni nikakuta watu wamelizunguka bango wakibishana, na mwalimu mstaafu akiwaeleza kwamba fundi amekosea kisarufi, ilitakiwa iwe "ndogo". Wote wakaafiki. Ni ndege ndogo, basi, zile za Unguja, mzee alikuwa sahihi.

Mtu wa mjini akisikia eneo linachukuliwa haendi kuuliza nani kasema. Anakwenda kununua miche. Mthamini akija kupanga fidia anahesabu mimea, na mpapai wa juzi ni mpapai. Ndani ya juma moja bonde likajaa migomba, mipapai na minazi iliyopandwa karibu karibu kama watu kwenye foleni, na pale ardhi ilipowaishia wakahamia kwenye ukanda wetu, kwa sababu ndio uliokuwa haulimwi. Mgagani wa ughaibuni ukakanyagwa. Nilitaka kuwatukana, na wengine niliwatukana.

Mama hakumtukana mtu. Alizunguka kwa majirani mmoja mmoja, akiwa na mchicha wa bure mkononi, akawaambia wang'oe miche yao, kwamba ni ndege wa kuruka kwa mbawa, kwamba ukanda ukiharibika ataondolewa na yeye hana pa kwenda. Nadhani hili la mwisho ndilo lililowaingia. Waling'oa wakinung'unika, na mzee wa matembele akasaidia kufukia mashimo. Mama akapanda upya maua ya kipepeo na kukaa nayo mpaka yakachanua. Siku ya ukaguzi alivaa khanga mpya.

Kijana wa buti alikuja na futi kamba. Alisifu maua, akapiga picha nyuki, akamwita mama mfano wa kuigwa. Kisha akapima ukanda, akakunja uso. Masharti yalisema mita sita.

"Pande zote?" nikauliza.

"Pande zote. Ndiyo kipimo cha mradi, dada. Hatuwezi kumpunguzia mmoja."

Tukashika kamba, yeye mwisho mmoja na mimi mwingine. Mita sita kutoka huku, mita sita kutoka kule. Katikati palibaki pa kutandika mkeka, tena wa mtu mmoja. Kijana akapiga hesabu, akakuna kichwa, halafu uso ukamng'aa. Akasema hii si shida, ni bahati: kipande chote kihesabiwe ukanda, kiwe maua matupu. Kitapita kwa alama za juu kuliko mashamba yote, na mwenyekiti atapewa taarifa kwamba kimehifadhiwa. Hataguswa mtu.

"Na mchicha?" mama akauliza.

"Mchicha hapana, mama. Hapa itakuwa hifadhi."

"Nami nitaingia lini?"

Kijana akaangalia karatasi zake. Hakuwa mtu mbaya, nalisema hili ingawa sitaki. Alitafuta kweli, akageuza kurasa, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba wakati wa maua hairuhusiwi kuingia, na kwamba huku kwetu maua hayana msimu, huchanua mwaka mzima.

Mama akavua khanga mpya ya juu, akaikunja, akanipa niishike. Akachukua jembe lililokuwa limelala kwenye tuta, akaanza kulima ukanda kuanzia kona aliyosimama kijana, hivyo ikabidi ahamishe buti zake. "Andika nimeshindwa," akamwambia, bila hasira. Nilimwambia aache, nikamkumbusha ile rangi nyekundu, nikamwambia ndicho kitu pekee alichokuwa anakitaka. Aliendelea kulima. Mgagani ukalala chini na maua yake yote.

Mchicha umeota tena mpaka pembeni kabisa mwa shamba, na wanunuzi wamerudi kumtania kama zamani. Jina lake halimo kwenye mradi wala mahali popote. Mtu yeyote mwenye kofia ngumu au kopo la rangi akipita juu barabarani, mama husimama na kisu mkononi, humtazama mpaka apotee, ndipo huinama tena kuvuna.